Mlima wa kwenye simu na mlima wa miguuni

Marahaba, binti. Kwa faida ya wasomaji wengine, nalifupisha swali lako. Unaishi Morogoro, unachora mandhari kwa penseli na rangi za maji, unauza kwa wageni na kwa watu wa maofisini. Karibu kila kazi unaitoa kwenye picha uliyopiga kwa simu. Mteja mmoja amekuambia kuwa Uluguru wako "umekaa kikalenda", na wewe mwenyewe unaona ana hoja ila hujui marekebisho yaanzie wapi. Mwaka huu umejiunga na klabu ya jogingi. Alfajiri mnakimbia upande wa Kigurunyembe, na Jumapili nyingine mnapanda Morningside, kwenye mteremko wa Uluguru. Wenzako wanasema kukimbia na kupanda milima kunamfungua msanii. Unauliza kama ni kweli au ni maneno ya kunogesha safari, na kama ni kweli, mtu anachoraje huku anahema.

Ni kweli, ila kwa sababu tofauti na hiyo wanayoitaja. Habari za kufunguka nawaachia wanaouza fulana za mbio. Anayekwenda mlimani kutafuta hamasa hurudi na hamasa yake na ukurasa mtupu. Unachokipata kwa miguu ni taarifa ambazo picha ya simu haina: mteremko una ukali gani, mzigo unakaa wapi mwilini mwa anayeubeba, kipi kiko mbele ya kipi na kwa umbali gani. Mchoro wa mandhari unaishi kwa taarifa hizo.

Nianze na simu, maana ndiko ugonjwa ulikotokea. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana. Imetengenezwa hivyo ili uweze kupiga picha ya familia nzima sebuleni bila kurudi nyuma hadi ugonge ukuta. Ukiielekeza mlimani, inavimbisha kilicho karibu na kusinyaza kilicho mbali. Simama mjini uupige Uluguru, kisha uiangalie hiyo picha: lami imekula nusu yake, nguzo ya umeme imekuwa jitu, na mlima umebaki ukingo mwembamba wa kijani juu ya mabati. Mji uko kwenye mita 500 na kitu kutoka usawa wa bahari; kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100. Zaidi ya kilomita moja na nusu ya kwenda juu imegeuzwa kitu cha kufunikwa na kidole gumba. Ukiinakili picha hiyo kwa uaminifu wote, umeinakili lenzi. Ukilazimika kutumia simu, kuza mara mbili au tatu kabla ya kupiga, hali itakuwa nafuu. Vivuli bado vitatoka vyeusi tii na mbingu itatoka nyeupe, lakini walau mlima utarudi kuwa mlima.

Sasa mteremko, na hapa nitakaa.

Binadamu hukosea kukadiria ukali wa mlima, na hukosea kuelekea upande mmoja tu. Mwaka 1995 Dennis Proffitt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwauliza watu waliosimama mbele ya vilima wakadirie pembe. Kilima cha nyuzi 5 watu walikisema ni cha nyuzi 20 hivi. Cha nyuzi 10 kikasemwa 30. Waliotoka kukimbia wakiwa hoi walitaja ukali mkubwa zaidi kuliko walivyotaja kabla ya kukimbia, na utafiti uliofuata mwaka 1999 ukaonyesha vivyo hivyo kwa waliobebeshwa begi zito. Wanasaikolojia wangali wanabishana kama ni jicho lenyewe linaloona hivyo au ni mdomo tu unaosema hivyo. Ubishi huo ni wao. Kwako wewe, jambo ni kwamba ukisimama pale juu ya Kigurunyembe na moyo unadunda, una milima miwili: mmoja unaopimika na mwingine ulioko kwenye mapaja yako. Kwa kukupa kipimo: ngazi za nyumba ya ghorofa kwa kawaida huwa na nyuzi 30 na ushee. Kinjia ambacho klabu nzima mnakiita ukuta mara nyingi hakifiki 20.

Fanya hivi Jumapili mkisimama kunywa maji. Kabla hujapima chochote, chora mstari mmoja wa mteremko uliotoka kuupanda, kwa hisia tu, kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine. Usiufute. Kisha nyoosha mkono bila kukunja kiwiko, fumba jicho moja, shika penseli ikiwa mlalo kabisa, halafu izungushe taratibu mpaka iulalie mstari wa mlima. Bila kubadilisha pembe, ishushe hadi kwenye karatasi na uchore mstari wa pili. Mistari hiyo miwili haitalingana. Wanafunzi wangu wengi wakiona pengo hilo hucheka, halafu hukimbilia kufuta mstari wa kwanza kwa sababu "si sahihi". Nawazuia. Mstari wa pili unakuambia umbo la mlima. Wa kwanza unakuambia kupanda kulikuwaje. Ukichora ili mtu autambue Uluguru, fuata wa pili. Ukichora ule mwendo wenyewe, jasho na magoti, una haki ya kusogea kuelekea wa kwanza, mradi unajua umesogea kiasi gani.

Wachoraji wakubwa wamefanya hivyo kwa makusudi. Mwaka 1843 Turner, Mwingereza, alichora kwa rangi za maji bonde la Faido kule Uswisi, kwenye njia inayoshuka kutoka St Gotthard. Mwenye picha hiyo, mhakiki John Ruskin, alifunga safari mwaka 1845 kwenda kuilinganisha na mahali penyewe, akakuta Turner ameinua miamba kuliko ilivyo. Ruskin hakumlaumu. Hoja yake ilikuwa kwamba msafiri anafika Faido akiwa ameshapita kwenye magenge ya juu, na ukubwa wa magenge hayo bado anao akilini. Turner aliichora safari nzima ndani ya mahali pamoja. Lakini angalia na upande wa pili: Turner huyo huyo, akiwa kijana, alifanya kazi kwa wasanifu majengo, na alijaza madaftari kwa vipimo na michoro ya haraka ya penseli. Alijua kupima ndiyo maana alijua kuzidisha. Msanii asiyepima akizidisha, mlima wake unaonekana kama umevimba.

Kwenye michoro mitatu uliyonitumia kuna kosa ambalo huwa nalikuta kwa karibu kila anayechora milima kutoka kwenye picha. Miti yako imeufuata mteremko badala ya kusimama wima. Yaani mlima umelala upande, na miti nayo imelala upande, kila mti umetoka ardhini kwa pembe ya mraba. Mti hauoti hivyo. Unatoka ardhini popote pale na kuitafuta mbingu, kwa hiyo kwenye mteremko mkali upande mmoja wa shina unakutana na udongo juu zaidi kuliko upande mwingine. Chora mkaratusi mmoja tu wa mteremkoni, shina na udongo unaolizunguka, hakuna majani, na mlima mzima utaanza kuonekana una mteremko. Na nyumba ni hivyo hivyo. Nyumba ya mlimani imechimbiwa ardhini: mbele ina ukuta mrefu na msingi wa mawe, nyuma bati linakaribia kugusa udongo, na nafasi iliyobaki hapo nyuma inapita kuku. Kwenye picha ya simu upande huo wa nyuma umefichika. Anayepita kwa miguu anauona kila siku kwa sababu njia inapita hapo hapo.

Halafu watu. Asubuhi utakutana na akina mama wakishusha ndizi na mboga kuelekea mjini, wewe unapanda, wao wanashuka. Umewachora kwenye karatasi yako ya pili, na nimewaangalia kwa muda mrefu. Wamesimama kama wako kwenye foleni ya benki. Mtu anayeshuka mlima na mzigo kichwani hafanani hivyo. Shingo na mgongo vimenyooka kwa sababu mzigo haukubali kuinamishwa. Hatua ni fupi. Magoti hayanyooki hata mara moja, yanabaki yamekunjwa kidogo, na pale njia inapokuwa kali mguu unageuzwa upande ili ubavu wa wayo ndio ushike udongo. Breki yote iko kwenye paja la mbele. Hili wewe unalijua, maana siku ya pili baada ya kushuka Morningside kwa mbio hukuweza kukaa kwenye kigoda bila kuguna. Hayo maumivu yako juu ya goti ndiyo mahali pa kuweka giza la penseli unapomchora yule mama. Ukiweka uzito hapo, hata sura yake ukiacha bila macho wala mdomo, ameshuka mlima.

Nenda kaziangalie picha za mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, ambaye pia alikuwa mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika huru kule London. Watu wake ni wadogo, sura zao hazina habari nyingi, na mteremko wa Kilimanjaro ameuinua mpaka unakutazama. Kwa sheria za darasani za perspektivu, yaani za kuonyesha ukaribu na umbali kwenye karatasi, kuna mengi ya kumkosoa. Lakini njia zake zinapita pale ambapo njia za Uchagani zinapita, na watu wake wanafanya kazi kwa miili yao. Hiyo elimu ni ya mtu aliyeikanyaga ardhi ile tangu utotoni. Huwezi kuipata kwa kutazama bango la utalii.

Sasa kukimbia, maana nimeongea mno habari za kupanda. Kukimbia na kupanda havifanyi kazi moja kwa mchoraji, na ushauri wangu ni uvitenganishe kabisa. Unapopanda, beba daftari. Unapokimbia, usibebe kitu.

Mkimbiaji wa njia ya vumbi hana nafasi ya kutazama mandhari. Macho yako yako hatua chache mbele, yanatafuta jiwe, mzizi, mfereji. Mlima, miti, mbingu vyote vinaingia kwa pembeni ya jicho, na pembeni ya jicho haisomi vitu vidogo. Inachookota ni mafungu makubwa ya giza na mwanga, na mwendo. Ukirudi nyumbani na kufumba macho, huna majani, huna madirisha. Una doa kubwa la giza la miembe upande wa kushoto, mkanda wa mwanga wa barabara, na bega la mlima. Kukimbia kumekuchujia kama kifumbu: tui limepita, machicha yamebaki njiani. Sasa fikiria unavyohangaika na picha ya simu, ambayo ina kila jani na kila waya wa umeme, na hujui uache nini. Hapa kuacha kumeshafanyika kabla hujashika penseli.

Kwa hiyo zoezi la kukimbia ni hili. Njia iwe ile ile kila mara. Ukifika nyumbani, kabla ya kuoga na hasa kabla ya kushika simu, kaa kitako na nusu ya karatasi ya A4 na penseli moja laini ya 2B. Chagua sehemu moja tu ya njia. Tumia rangi tatu tu za penseli: karatasi yenyewe, kijivu, na giza. Dakika tano zinatosha. Zikizidi utaanza kubuni. Utagonga mahali usipokumbuka, kwa mfano pale paa la shule linapokutana na miti, na mkono utasita. Acha pakiwa patupu. Kesho ukipita hapo, jicho lako litaruka lenyewe kwenda kuangalia, nusu sekunde, na litachukua hasa kile kilichokosekana. Utakuwa unatazama kwa njaa. Mbinu hii ina historia ndefu. Katika karne ya 19 kule Paris, mwalimu Horace Lecoq de Boisbaudran aliwafundisha wanafunzi wake kutazama kitu, kuondoka, kisha kukichora kwa kumbukumbu, na aliwatoa nje mashambani kutazama miili ikiwa kwenye mwendo. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana Auguste Rodin, na ukitazama sanamu za Rodin zinavyokanyaga ardhi huoni ajabu.

Umetaja makala uliyosoma kwamba kutembea kunaongeza ubunifu. Utafiti huo upo, wa Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliochapishwa 2014. Waliwapa watu maswali kama vile kubuni matumizi mapya ya kitu cha kawaida, na waliokuwa wakitembea walitoa mawazo mengi zaidi, kwa wastani asilimia 60 hivi. Wachache husoma mambo mengine mawili yaliyomo humo. La kwanza, faida ilionekana hata kwa waliotembea kwenye mashine ndani ya chumba, mbele ya ukuta mtupu. Yaani kwa sehemu kubwa ni miguu, si maua. La pili, kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi, waliotembea hawakufanya vizuri zaidi. Walirudi nyuma kidogo. Kwa mchoraji hii ni ratiba kamili. Uamuzi wa nini uchore, ukate wapi, ukiache kipi, ufanye ukiwa unatembea. Kazi yenye jibu moja, kama vile pembe ya paa au urefu wa mnara ukilinganishwa na mti, ifanye ukiwa umekaa na pumzi imetulia.

Na hilo linanileta kwenye kuhema. Ukifika juu, mkono utatetemeka. Usipigane nao. Mistari ya kwanza ichore kwa bega, penseli ukiishika nyuma karibu na mwisho wake, mistari mirefu ya kupita tu: bega la mlima, mkondo wa bonde, njia. Mtetemo hauharibu mstari mrefu, unaupa uhai. Baadaye pumzi ikishuka, ndipo usogeze vidole mbele na kuingia kwenye vitu vidogo. Kaa kivulini, au walau karatasi iwe kivulini. Karatasi nyeupe juani inaunguza macho, na utakandamiza giza kuliko inavyotakiwa. Ukifika nyumbani utakuta umechora usiku. Jasho nalo lina tabia ya kudondoka pale pale ulipomaliza kupatia. Funga kitambaa kichwani, na weka kipande cha karatasi chini ya kiganja.

Vifaa usivikuze. Nimeona watu wakipanda na sanduku la rangi na kistuli, wakifika juu hawana nguvu ya kuvifungua. Chukua karatasi moja ya A4 nzito kidogo, ikunje mara tatu mpaka upate vyumba vinane, chana katikati kwa mkasi kwenye mkunjo wa vyumba viwili vya kati, kisha ikunje tena iwe kijitabu cha kurasa nane. Kinaingia mfuko wa bukta. Kiweke ndani ya ile bahasha ya plastiki ya vyeti, penseli moja ya 2B iliyochongwa pande zote mbili, kichongeo. Ufutio uache nyumbani. Rangi za maji ziache pia kwa sasa. Kwenye ukungu wa msituni karatasi haikauki, na utashuka na tope la kijani. Badala yake andika rangi kwa maneno pembeni ya mchoro: "hapa kijani cha mgomba mchanga", "hapa udongo mwekundu uliolowa". Maneno hayo yatakusaidia zaidi mezani kuliko picha.

Kitu kingine ambacho utakipata kwa kurudi mahali pale pale ni hewa. Chagua sehemu moja njiani Morningside ambako unaweza kugeuka na kuona chini: mashamba, mji, mlima Mindu upande wa magharibi, na mlima Nguru ya Ndege kule mbele. Hapo ndipo pa kujifunza matabaka. Hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, kwa hiyo kadiri mlima ulivyo mbali ndivyo buluu hiyo inavyojaza giza lake. Giza la mbali haliwi jeusi kamwe. Kwenye michoro yako, kivuli cha Mindu na kivuli cha mwembe ulio karibu umevikandamiza kwa nguvu moja, na ndiyo sababu kubwa ya ule ukalenda. Lakini usiifanye kuwa kanuni ya kukariri, maana Morogoro ina tabia zake. Mwishoni mwa kiangazi, watu wakichoma mashamba, vumbi na moshi vinaleta utando wa hudhurungi; mbali hakuwi buluu, kunakuwa kweupe na kuchafuka, na siku nyingine Nguru ya Ndege haionekani kabisa. Siku moja baada ya mvua kubwa hewa imeoshwa, mlima wa mbali unasogea, unahesabu mikunjo yake. Asubuhi ya masika ukungu unakata mlima katikati: chini unaona migomba, juu unaona kilele, katikati hakuna kitu. Mchoraji wa picha za simu hathubutu kuacha katikati patupu. Wewe utathubutu kwa sababu ulipita ndani yake na nguo zikalowa.

Ukipata nafasi, zunguka siku moja hadi upande wa mashariki, Kinole au Matombo. Upande huo unapokea unyevu wa Bahari ya Hindi moja kwa moja na una mvua nyingi kuliko upande wa mjini. Ni mlima ule ule lakini kijani chake ni kizito, na mito yake inakwenda Ruvu, maji wanayokunywa watu wa Dar. Huko kaa na jani moja la mgomba kwa muda wote wa mapumziko. Angalia upepo unavyolichana: halichaniki ovyo, linachanika kufuata mishipa, kutoka ukingoni kuelekea uti wa kati, na kila utepe unaning'inia kwa pembe yake na kushika mwanga wake. Uti wa kati wenyewe unapinda kwa uzito. Ukishalielewa jani moja hivyo, shamba zima la migomba unaweza kulichora kwa mikwaruzo michache na kila Mluguru atajua ni migomba.

Uliuliza pia kama uache kabisa picha za kalenda. Usiache, kodi ya nyumba ina tarehe zake. Endelea kuziuza, na hizi za mlimani zikae pembeni kwa msimu mzima wa kiangazi na mvua kabla hujamwonyesha mteja. Mchoraji Mfaransa Paul Cézanne aliuchora mlima mmoja, Sainte-Victoire wa karibu na kwao Aix, mara nyingi mno hadi mwisho wa maisha yake, na hakuumaliza.

Mambo ya mwisho ni ya usalama, na hayo nayasema kama mzazi. Usiende kuchora peke yako huko juu. Kaa nyuma ya kundi na mwenzako mmoja mvumilivu, mkubaliane muda na wengine wajue mko wapi. Ukikimbia alfajiri usizibe masikio kwa muziki. Unayetaka kumchora akiwa kazini, msalimie kwanza na umwombe. Wengi watakubali, na watoto watakusanyika nyuma ya bega lako wakosoe, na mara nyingi ukosoaji wao ni wa kweli. Ukitaka kukaa muda mrefu kwenye kitongoji cha watu, pitia kwa mwenyekiti. Na msitu wa juu, kuelekea Lupanga, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kibali na mwongozaji vitafute ofisini kwao hapo mjini kabla ya siku ya safari, na ukifika waambie wazi kuwa mnakwenda kuchora na mtasimama sana njiani, ili wawapangie mwongozaji asiye na haraka.